Mkono Ulioshika Kijiko: Lishe ya Mgonjwa na Shida ya Kumeza, Kutoka Usenge hadi Kisumu

Saa ya chakula cha mchana inapofika katika hospitali za Nyanza, wodi hujaa watu wasiovaa sare. Ni wake, mabinti, dada na wajukuu, wamebeba termosi za uji, samaki katika bakuli zilizofungwa kwa leso, na ugali uliofunikwa usipoe. Hospitali ina jiko lake, nalo hutoa uji asubuhi na ugali kwa maharagwe au kabichi baadaye. Lakini mgonjwa aliye hoi halishwi na jiko. Hulishwa na mtu atakayeketi kando ya kitanda chake, na mara nyingi mtu huyo hajaelezwa lolote kuhusu kumlisha mgonjwa.

Mijadala yetu ya lishe hospitalini hupenda kuanzia juu: bajeti, uhaba wa maafisa wa lishe, maziwa ya tiba yaliyokwisha stoo. Hayo ni ya kweli. Ila naamini sehemu kubwa ya madhara, na sehemu kubwa ya nafuu, hutokea kwenye kijiko. Mshika kijiko ndiye anayetekeleza matibabu ya lishe, na kazi ya kwanza ya muuguzi ni kumfundisha, kumsimamia, na kujua wakati wa kumpokonya kijiko hicho.

Usenge panaonyesha hili wazi. Ni mji wa wavuvi katika Kaunti ya Siaya, si mbali na kilima cha Got Ramogi, na boti za kwenda kisiwa cha Mageta hupakia hapo. Mtu akipatwa na kiharusi Mageta, huvushwa ziwa, akafikishwa kituo cha afya au hospitali ya Got Agulu, kisha labda Bondo, kisha Siaya, na hali ikizidi, Kisumu, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Wenyeji wengi bado huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Katika kila hatua ya safari hiyo yupo mtu mwenye huruma atakayetaka kumpa mgonjwa kitu: maji kwenye boti kwa sababu ya jua, soda stendi ya Bondo, uji akishafika wodini. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuishia mapafuni.

Kumeza huchukua muda mfupi mno, lakini ni kazi ya misuli na neva nyingi zinazopokezana. Ulimi husukuma tonge nyuma, koo hupanda, njia ya hewa hujifunga, umio hufunguka. Kiharusi kikivuruga mpangilio huo, tonge hufika kabla mlango wa hewa haujafungwa. Mwenye bahati hupaliwa, akakohoa na kulitoa. Asiye na bahati hakohoi kabisa, kwa kuwa koo lake limekufa ganzi. Maji huteremka kimya kimya, na siku chache baadaye homa inapanda na kifua kinakoroma. Familia huambiwa ni nimonia, nayo huhesabu nimonia hiyo kuwa ugonjwa wa pili uliokuja wenyewe. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi huwa na shida ya kumeza siku za mwanzo. Wengi wao hurudiwa na uwezo wa kumeza ndani ya wiki chache, wakiwahi kuzifikia.

Ushahidi kwamba kazi hii ni ya muuguzi ni mzito. Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha utafiti ulioongozwa na Sandy Middleton, profesa wa uuguzi, katika wodi 19 za kiharusi huko New South Wales, Australia. Wodi za kundi moja zilifunzwa mambo matatu ya saa 72 za mwanzo: kufuatilia na kushusha homa, kufuatilia na kudhibiti sukari, na kupima umezaji kabla mgonjwa hajapewa chakula, kinywaji wala kidonge. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 katika wodi hizo, na asilimia 58 katika wodi nyingine. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Wodi zile zilikuwa na wataalamu na picha za ubongo ambazo kituo cha ufuoni hakina, kwa hiyo sidai kwamba tarakimu hizo zitajirudia Siaya. Ninachodai ni kwamba kipimajoto, kipima sukari na kijiko si vitu vigeni hata huku.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila muuguzi mkuu wa wodi aujue. Mwaka 1998 Susan Langmore na wenzake waliwafuatilia wazee nchini Marekani wajue ni nani hasa hupata nimonia ya chakula kuingia mapafuni. Shida ya kumeza ilichangia, lakini peke yake haikutosha kueleza. Mambo yaliyotabiri ugonjwa huo kwa nguvu ni pamoja na kulishwa na mtu mwingine, na kutegemea mtu mwingine kusafishwa kinywa. Anayejilisha hupima mwenyewe tonge lake na pumzi yake. Anayelishwa ameukabidhi uamuzi huo kwa mkono wa mwingine.

Tazama sasa mkono huo ukifanya kazi. Binti amesimama kando ya kitanda kwa sababu kiti hakuna. Baba yake amelala chali, mto mmoja kichwani. Ili amwone, baba anainua kidevu juu, na shingo ikinyooka namna hiyo njia ya hewa hukaa wazi zaidi. Binti anajaza kijiko kikubwa cha supu, kwa kuwa saa ya kutembelea wagonjwa inakwisha na matatu ya kurudi nyumbani haisubiri. Tonge la kwanza halijamezwa, la pili liko mdomoni. Baba anakohoa, anapewa maji ateremshie. Hapana hata kosa moja hapo lililotokana na uzembe, yote ni upendo wenye haraka.

Kumsahihisha hakuhitaji kozi. Mgonjwa aketishwe wima, mgongo ukiegemezwa kwa mablanketi yaliyokunjwa ikiwa kitanda hakiinuki, kidevu kikielekea chini kidogo. Mlishaji aketi, macho yake yalingane na ya mgonjwa au yawe chini yake. Kijiko kiwe cha chai, nusu kijiko kwa mara moja, kipitishwe upande wa mdomo usiopooza. Asubiri aone koo limepanda na kushuka, kisha amwambie mgonjwa atoe sauti: sauti ikiwa ya majimaji, kama ya mtu anayetaka kukohoa na hakohoi, kuna kitu kimebaki kooni na kijiko kinachofuata kingoje. Mgonjwa mwenye usingizi halishwi. Akimaliza abaki ameketi nusu saa, na kinywa kisafishwe, kwa sababu vijidudu vya kinywa kichafu ndivyo vinavyogeuza mate yaliyopotea njia kuwa nimonia. Muuguzi anaweza kuonyesha haya yote katika mlo mmoja, akisimama kando binti anapoyajaribu.

Kabla ya kijiko cha kwanza kuna kipimo. Kipimo cha zamani, kilichoelezwa na Kathleen DePippo na wenzake mwaka 1992, humpa mgonjwa maji takribani mililita 90 anywe na kuangalia kama atakohoa. Kizuri, lakini huanza na kilicho kigumu zaidi kumeza, kwa maana maji hukimbia kuliko koo lililolegea. Mwaka 2007 watu wa Gugging, Austria, walichapisha kipimo kingine kinachogeuza mpangilio: huanza na mate ya mgonjwa mwenyewe, kikaja kitu kizito, kisha maji, mwisho mkate. Kwetu kitu kizito kinachopatikana katika kila wodi, kila asubuhi, bila kuagizwa, ni uji.

Uji unastahili kuzungumziwa kwa marefu, kwa kuwa ndiyo lishe ya kwanza ya karibu kila mgonjwa wa ukanda huu, na hakuna anayeupima. Muuguzi husema "mpeni uji mzito" na kila nyumba huelewa lake. Kumbe kipo kipimo cha kimataifa cha uzito wa vyakula na vinywaji kwa wenye shida ya kumeza, kiitwacho IDDSI, chenye ngazi nane kuanzia 0, ambayo ni maji, hadi 7, chakula cha kawaida. Kukitumia kwa vinywaji na uji kunahitaji bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano. Litazamwe kwanza, maana mabomba hayafanani: umbali wa kutoka alama ya 0 hadi ya 10 uwe milimita 61.5. Ziba tundu kwa kidole, jaza uji hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Zikibaki mililita 1 hadi 4, uji ni mwepesi, ngazi ya 1. Zikibaki 4 hadi 8, ngazi ya 2. Zikizidi 8, ngazi ya 3. Usipotiririka hata tone, ni ngazi ya 4, ambayo huhakikishwa kwa kuinamisha kijiko: donge lianguke zima bila kunata. Mabomba hayo hayakosekani katika zahanati yoyote inayotoa sindano.

Uji hubadilika njiani, na anayejua kuupika anajua hivyo hata kama hajawahi kuufikiria kama suala la usalama. Ulioingia katika termosi Usenge asubuhi ukiwa wa ngazi ya 2 hufika Bondo umepoa na kuwa wa 3. Ukitiwa maji ya moto ulegezwe bila kukorogwa sawasawa, hutenga: maji juu, madonge chini. Mchanganyiko wa maji na madonge ndio mgumu kuliko yote kwa koo dhaifu, kwa sababu maji hukimbia mbele tonge likiwa bado linatafunwa. Pia mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni na kurudi katika bakuli lile lile, uji huanza kulegea, na mwisho wa mlo mgonjwa anakunywa kitu chepesi kuliko alichoanza nacho. Dawa yake ni kuchota kidogo kidogo katika kikombe cha pembeni na kuliacha bakuli kubwa bila kuguswa na mate.

Kimea nacho kina pande mbili. Katika miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza unga wa nafaka iliyooteshwa, kwa sababu kijiko kimoja cha kimea hulegeza uji mzito ukanyweka, hivyo mtoto mwenye tumbo dogo akapata unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Kwa mtoto mdhaifu anayemeza vizuri ni neema. Kwa babu wa kiharusi kimea hicho hicho ni hatari, kwa sababu kinaondoa uzito uliokuwa ukimlinda.

Hapa sharti niseme jambo ambalo wapenzi wa uji mzito hawatalifurahia. Kuufanya mzito hakumkingi kila mtu. Mwaka 2008 JoAnne Robbins na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 515 wenye ugonjwa wa Parkinson au kupoteza kumbukumbu. Kulinganisha vinywaji vizito na maji ya kawaida yaliyonywewa kidevu kikiwa chini hakukuonyesha tofauti ya uhakika ya nimonia, lakini waliopewa vinywaji vizito walikaukiwa maji zaidi. Ufuoni kwenye joto, mgonjwa anayekataa uji mzito kwa kuwa haukati kiu hukauka haraka, mkojo ukawa mweusi, dawa zikamlewesha. Kwa hiyo uzito wa kinywaji uandikwe kama dawa inavyoandikwa, kwa sababu maalumu, na uangaliwe upya kila siku chache. Nimeona mara nyingi amri ya "uji mzito tu" ikiandikwa siku ya kwanza na kumfuata mgonjwa hadi nyumbani, koo lake likiwa limepona zamani.

Shida ya kumeza haitokani na kiharusi peke yake, na katika Siaya ingekuwa kosa kuishia hapo. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 15.3 Siaya, 17.5 Kisumu na 19.6 Homa Bay, wakati Kenya nzima ilikuwa asilimia 4.9. Mtu aliyeacha dawa au asiyejua hali yake huja akisema hana hamu ya kula, nao uangalizi huelekezwa kwenye hamu. Anayewasha tochi na kumwomba afungue mdomo huona utandu mweupe juu ya ulimi na kaakaa. Utandu huo ukishuka kwenye umio, kila tonge huchoma kifuani. Mtu huyo ana hamu, ila anaogopa maumivu. Vidonge vya flukonazoli vya siku 14 hadi 21 humrudisha mezani, na kwa siku za mwanzo anahitaji chakula vuguvugu, laini, kisicho na ndimu wala pilipili. Ikiwa hakuna nafuu, aende juu zaidi achunguzwe.

Wakati mwingine wembamba huo hupewa jina jingine nyumbani. Chira, ugonjwa wa kukonda unaohusishwa na mwiko uliovunjwa, bado ni maelezo yenye nguvu kwa familia nyingi za Waluo, na muuguzi anayeyadharau hupoteza familia nzima pamoja na kijiko chao. Wauguzi stadi niliowasikiliza hawabishani. Huacha wazee wafanye la wazee, nao huomba mambo mawili: mgonjwa apimwe, na asinyimwe chakula wala dawa wakati wa kungoja.

Mgonjwa aliyekonda hivyo akifika wodini, huruma yenyewe huwa hatari ya pili. Mwili uliokaa na njaa kwa wiki umepunguza kazi zake zote. Ukimwagiwa wanga ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na vitamini B1 iliyobaki humalizika. Moyo unaweza kusimama siku ya tatu, watu wakiwa tayari wameanza kushukuru kwamba sasa anakula. Mwongozo wa Uingereza hushauri mtu mwenye hatari kubwa aanze kwa kisichozidi kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, apewe vitamini B1 kabla, na aongezwe polepole. Kwa mtu wa kilo 40 hiyo ni 400, chini ya pakiti moja ya siagi ya karanga ya tiba ya gramu 92, yenye 500. Mama aliyeleta samaki wa ngege mzima na ugali wa watu wawili ataona hospitali imekuwa katili. Aelezwe, tena aelezwe kwa Kiluo ikibidi, kwa sababu asipoelezwa atamlisha usiku wauguzi wakiwa wachache.

Kwa watoto utaratibu unajulikana zaidi. Utepe wa mkono ukisoma chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, ana utapiamlo mkali. Akiwa na matatizo mengine hulazwa na kuanzishwa maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 katika mililita 100, kabla ya kupewa yenye nguvu zaidi. Wanaosahaulika ni watoto wenye utindio wa ubongo, ambao wengine waliupata baada ya malaria kali ya ubongoni au uzazi mgumu. Hao hupewa chakula cha kutosha na bado hukonda, kwa kuwa mlo mmoja huchukua saa nzima na nusu yake humwagika kifuani. Kumweka mtoto huyo wima, kichwa kikishikiliwa, humsaidia kuliko kuongeza kiasi cha chakula.

Lishe ya tiba ya magonjwa ya muda mrefu ndiyo inayotolewa ovyo kuliko yote, kwa kuwa hutolewa kwa mdomo na kwa haraka: "Punguza chumvi, punguza sukari, kula mboga." Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Mwenye presha wa Usenge huweza kuacha kutia chumvi mezani na bado akala nyingi, kupitia vipande vya viungo vya mchuzi vya dukani na kupitia magadi ya kulainisha mboga, ambayo yamejaa sodiamu. Kisha kuna atonga, maji ya jivu yaliyochujwa ambayo akina mama hutumia kupikia osuga na mboga nyingine chungu. Mwenye presha mwenye figo nzima hana la kuogopa sana hapo. Mwenye figo zilizochoka anayo sababu, maana jivu la mimea limejaa potasiamu, nayo potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Ushauri wa "kula mboga za kienyeji kwa wingi" ulio sahihi kwa jirani yake ni sumu kwake. Yeye achemshe mboga na viazi kwa maji mengi, maji yamwagwe, na atonga ikae kando. Omena naye, dagaa wa ziwani anayeliwa na mifupa yake, ana fosforasi ambayo figo hizo haziwezi kuitoa.

Kwa wengine wote omena ni hazina. Zaidi ya nusu ya uzito wa omena mkavu ni protini, na akisafishwa mchanga, akakaangwa kidogo bila mafuta, akasagwa na kuchekechwa kwa kichujio chembamba, huingia katika uji bila kulikwaruza koo. Watafiti walifanya jambo la jirani na hilo magharibi mwa Kenya, walipojaribu chakula cha watoto chenye mchicha wa nafaka, mahindi, kumbikumbi na omena. Lakini kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa ili ziwa lipumue, na bei sokoni hupanda. Mbuta mkubwa huenda viwandani akasafirishwa nje, na kinachobaki kwa wengi Kisumu ni mgongo wazi, mifupa iliyonyolewa minofu. Supu yake ni tamu na humpa mgonjwa moyo, lakini haina protini ya kumjenga mtu, na mwiba mmoja ndani yake unatosha kumrudisha hospitali. Mpango wa lishe usiotaja miezi hiyo minne hautekelezeki katika nyumba ya mvuvi. Ungetaja mayai, maharagwe yaliyopondwa, njugu karanga zilizosagwa, maziwa ya mtindi.

Kisukari kina mtego wake wa wodi. Insulini hutolewa kwa saa ya hospitali, chakula huja kwa saa ya matatu. Mgonjwa akichomwa saa sita na binti akafika saa nane, sukari hushuka katikati, na mtu asiyeweza kumeza vizuri hawezi kuokolewa kwa soda. Muuguzi aone sahani kwanza, ndipo achukue sindano. Nyumbani, uji wa wimbi uliosifiwa kila mahali bado ni wanga. Unga usiokobolewa humeng'enywa polepole kuliko uliokobolewa, ila kikombe cha tatu ni kikombe cha tatu.

Nani anashika kijiko si swali la ratiba tu. Kwa Waluo, mkwe wa kiume na maro, yaani mama wa mkewe, huwekeana heshima kubwa: hawakaribiani, hawali pamoja. Ikiwa mama huyo amelazwa Kisumu na aliyebaki mjini ni mkwe peke yake, kumwambia "mlishe" ni kumtaka avunje adabu mbele ya wodi nzima, na mama atafunga mdomo hata kama koo linaweza. Muuguzi anayeingia zamu akauliza "nani wa kwenu anaweza kumlisha mama?" amefanya tathmini ya lishe kamili kuliko fomu nyingi. Jibu likiwa hakuna, zamu ya kijiko ni yake. Sheria ya mwaka 2007 iliyounda taasisi ya wataalamu wa lishe Kenya iliwapa maafisa hao nafasi yao, na wataalamu wa usemi na umezaji ni wachache mno nchini, lakini wote hao hawako wodini saa tatu usiku. Florence Nightingale aliandika kuhusu ulishaji wa wagonjwa katika kitabu chake cha 1859, na mwaka 1974 daktari Mmarekani Charles Butterworth aliwashtua wenzake kwa kuonyesha wagonjwa wakifa njaa katika hospitali tajiri kwa sababu hakuna aliyekuwa akiandika walichokula. Hata leo katika wodi zetu, uzito wa mwili huandikwa siku ya kulazwa, kisha kimya.

Mpira wa kulishia kupitia puani huokoa wasioweza kumeza kabisa, na una masharti yasiyojadiliwa. Kusikiliza tumbo kwa stethoskopu huku ukipuliza hewa hakuthibitishi kwamba mpira uko tumboni. Kinachothibitisha ni maji yaliyovutwa yenye asidi, pH 5.5 au chini, au picha ya eksirei. Karatasi za pH ni bei rahisi kuliko chupa moja ya dawa ya nimonia. Chakula kiteremke chenyewe, mgonjwa akiinuliwa, na mpira usafishwe kwa maji safi baadaye.

Kuna mgonjwa ambaye haya yote hayatampeleka mbali. Magharibi mwa Kenya imejulikana kwa saratani ya umio tangu madaktari walipoanza kuihesabu miaka ya 1960, na ni miongoni mwa saratani zinazowaua zaidi wanaume wa nchi hii. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulitaja vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani hiyo, ingawa kwetu visababishi vingine vinashukiwa pia. Wengi hufika wakati hata uji unakwama. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imejijengea jina kwa kuweka mrija wa kupanua umio, na kwa wengi huo ni uwezo wa kula tena kwa miezi kadhaa. Wakati huo shabaha ya lishe hubadilika. Familia ikiendelea kumsukumia vijiko ili "apate nguvu", inamuumiza. Vijiko vitatu vya mchuzi wa samaki anaoupenda, akiutaka mwenyewe, midomo ikilainishwa katikati ya siku, ni uuguzi kamili, na muuguzi anapaswa kulisema hilo kwa sauti ili mke asilale akidhani amemnyima mumewe chakula.

Septemba 2023 serikali iligawa mifuko ya vifaa kwa wahamasishaji wa afya wa jamii nchini kote: mizani, utepe wa kupima mkono, kipima sukari, kipima presha. Wao ndio watakaomkuta mgonjwa wa Mageta baada ya kuruhusiwa, wakati karatasi ya hospitali inasema tu arudi kliniki baada ya mwezi. Mwanzoni mwa 2025 misaada ya Marekani ilipositishwa, kliniki nyingi za VVU za Nyanza zilitikisika, na kazi zaidi ikaangukia watu hawa. Katika mfuko huo ningeongeza bomba moja la mililita 10, na kwenye karatasi ya kuruhusiwa mistari mitatu iliyojazwa na muuguzi: ngazi ya uji anaoumeza salama, jina la aliyefundishwa kumlisha, na tarehe ya kupima tena kama maji ya kawaida yanaweza kurudi. Gharama yake ni chini ya nauli ya boti, na Siaya haihitaji kusubiri Nairobi ili kuichapisha karatasi hiyo.